Mbona watu wanaipita zahanati ya bure?

Dadangu, umeuliza mbona watu wa Likoni, Mombasa, wanaiacha zahanati ya mtaani, isiyotoza kitu, wakavuka feri hadi Hospitali Kuu ya Pwani. Kwanza kabisa ni dawa. Serikali iliondoa ada kwenye zahanati na vituo vya afya mwaka 2013, lakini mama akiandikiwa dawa kisha akaambiwa akanunue nje, ile bure imekwisha papo hapo. Ameshapoteza asubuhi ya kuuza mahamri, na mtoto bado anachemka. Siku nyingine atakwenda moja kwa moja duka la dawa, aeleze dalili, auziwe. Simlaumu.

Halafu kuna kusemeshwa kwa heshima, jambo ambalo mimi naliona zito kuliko majengo mapya. Mtu mzima akisalimiwa, akaulizwa maradhi yake mlango ukiwa umefungwa, akaelezwa dawa anywe vipi, atarudi hata foleni ikiwa ndefu. Hasa wenye presha na sukari: hao ni wa kliniki ya mara kwa mara, wanataka kumkuta muuguzi anayewajua, si kuanza kujieleza upya kila wakija.

Usafi na vyoo navyo vinahesabiwa, hasa kwa waja wazito.

Kama kamati ya zahanati yenu inakutana, anzeni na dawa. Wabandike mlangoni orodha ya zilizopo wiki hiyo, na wahudumu wa afya wa jamii waitangaze wanapopita majumbani.