Mto wa bibi yako

Mwanangu,

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia. Waniuliza kama ni sawa umchukue shangazi yako Nairobi akitoka hospitali, au abaki nasi hapa Lamu. Nitakujibu. Lakini kwanza niambie: usiku, nani atamnyima mto?

Usicheke. Aliyeungua shingo, kama shangazi yako, halali na mto. Ngozi ikipona hujivuta, na ikikikuta kidevu kimeinama hukishikilia kifuani. Kiwiko na vidole ni vivyo hivyo. Mkao unaompa raha ndio utakaomlemaza. Bibi yako alipomwagikiwa mafuta ya mahamri, daktari wa mazoezi alinieleza hivyo, nami nikauchukua mto wake wa sufi nikaufungia kabatini. Mtaa mzima wa Langoni ukanijua! Mkamwana gani huyu, mgonjwa analia yeye anaficha mto! Na shangazi yako, huyu huyu, akimletea mwingine chini ya buibui. Hadi leo nikikumbuka roho yaniuma.

Huruma haimnyooshi mtu shingo. Nilimlaza chali nikamwambia ahesabu boriti za darini, toka mlangoni hadi ukutani. Alihesabu kwa hasira, akinilaani kati ya boriti na boriti. Lakini alipona akainua uso na kumjibu jirani wa dirisha la juu, tena maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Sasa, hapa kwetu watu tele. Hatakosa wa kumpepea wala wa kumpikia samaki na mayai, maana kidonda cha moto chataka chakula cha kujenga mwili. Ila hao hao ndio wataleta mto. Na dawa ya meno ya kupaka, na kila mtu na lake. Kwako hakuna jamaa wa kuingilia. Lakini ukienda kazini nani atamnyoosha vidole? Na usiku mwasho ukimshika? Kovu hukaa mwaka na zaidi likibadilika, si jambo la likizo yako. Halafu ni mashua hadi Mokowe, kisha basi kutwa nzima, na kovu jipya halitaki jua. Lakini akiwa hapa, nami magoti haya... Huruma haimnyooshi mtu shingo, nimeshasema.

Baba yako ataka abaki. Mimi nina langu, na limenifika ulimini, ila shangazi yako ni mtu mzima na kinywa anacho. Muulize mwenyewe, kisha nipigie kabla hujakata tikiti.

Mamako