Amezaliwa hapohapo, uraia anakosaje?

SWALI: Habari mhariri. Juzi nilikua nasoma tena habari za wale vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliokwama pangoni Thailand mwaka 2018, kumbe watatu kati yao pamoja na huyo kocha hawakua raia wa nchi yoyote! Mi nilijua asiye na uraia ni mkimbizi tu. Sasa hawa wa jamii za milimani huko Thailand wanakosaje uraia kwao?

JIBU: Asante ndugu, swali lako limenigusa sana. Wengi tunadhani mpaka uvuke mpaka ndo ukose uraia, kumbe unaweza ukawa unaishi palepale alipozikwa bibi yako na serikali haikutambui.

Kweli, kwenye hizo jamii (Akha, Lahu, Lisu, Karen na wengine) wapo waliohamia kutoka Myanmar na China, ila wapo pia waliokaa hapo vizazi na vizazi. Serikali ilipoandikisha watu mwaka 1956 wengi wa milimani hawakufikiwa, alafu 1972 ikaja amri iliyowavua uraia hata waliozaliwa humohumo nchini kama wazazi wao walihesabiwa ni wageni wa muda au wameingia bila kibali, sasa wewe ambae hujawahi kuandikwa popote utathibitishaje kwamba si mgeni? Mama kajifungulia nyumbani, mkunga ni jirani, cheti hakuna, na mtoto akikua nae anazaa mtoto asiye na karatasi. Inauma jamani.

Wengine wana kitambulisho chenye tarakimu 13 ila namba inaanza na 0. Karani akiiona iyo sifuri tu ashajua huyu si raia, hata kutoka nje ya eneo lake anatakiwa aombe ruhusa kwanza.

Njia zipo: sheria ya 2008 iliwafungulia mlango wengi waliopokonywa, wengine wanaleta mashahidi na mkuu wa kijiji, wengine wanapimwa DNA na ndugu mwenye uraia. Wale vijana watatu na kocha walipewa uraia tarehe 8 Agosti 2018, hata mwezi haujaisha tangu watoke pangoni, wakati wapo wazee waliosubiri miaka na miaka. Ndo maana nilifurahi Oktoba 2024 serikali ilipokubali kurahisisha utaratibu kwa watu zaidi ya 480,000. Ila maombi bado yanapelekwa ofisini, na kwa mzee wa mlimani asiejua kusoma kazi ipo hapo, anahitaji mtu wa kumshika mkono mpaka dirishani.