Kubakiza kete moja katikati

Jioni za masika hapa Moshi ni ndefu, hasa mvua ikipiga bati na umeme ukiwa umekatika. Ndipo nilipozoea mchezo wa kuruka kete peke yangu. Fundi seremala wa Majengo alinitobolea ubao wenye umbo la msalaba, matundu 33: mistari miwili ya matatu, mitatu ya saba, kisha miwili ya matatu. Kete zangu ni punje za kahawa kavu. Wewe tumia maharage, hata boksi lililochorwa kalamu linatosha.

Jaza matundu yote, acha la katikati. Kete huruka jirani yake na kutua kwenye tundu tupu linalofuata, na iliyorukwa inatoka. Ni kama kula kwenye drafti, ila hapa hakuna mshazari. Ukiruka mara 31 bila kukwama, inabaki moja.

Mimi nilikwama wiki nyingi, zikibaki nne au tano zilizotengana. Nilikuwa naruka popote panaporukika, na pembe nazisahau. Kumbe zile kete nane za pembeni kabisa haziwezi kuliwa hata siku moja, kwa sababu hakuna tundu la kutua upande wa pili. Lazima zenyewe ziondoke kwa kuruka. Ukizichelewesha, majirani wanaisha na zinabaki hapo hapo.

Kilichonifungulia mlango ni kusafisha tatu kwa mpigo. Tafuta kete tatu zilizosimama mstari mmoja, ambapo kushoto kwa ile ya juu kuna kete na kulia kwake ni tupu. Ile ya kushoto iruke ya juu, itue kulia. Ya chini kabisa iruke ya kati. Kisha ile uliyoipeleka kulia irudi kwao kushoto, ikila iliyopanda. Tatu zimetoka, na msaidizi wako yuko palepale alipokuwa! Fanya mara kumi mfululizo mpaka mkono uzoee, ndipo uanze mchezo kamili.

Mwanafalsafa Mjerumani Leibniz, aliyefariki mwaka 1716, alipenda kuucheza kinyume: kete inaruka tundu tupu, nawe unaweka kete kwenye tundu hilo lililorukwa. Jaribu hivyo ukianza na moja katikati. Mimi ndivyo nilivyojua miruko mitatu ya mwisho inapaswa kufananaje, na tangu hapo nikibakiwa na kete nne najua mapema kama nimepona au nianze upya.