Dar hadi Lushoto: usiikimbilie

Watu wakiniuliza habari za Lushoto, mji wa milimani kule Tanga, swali la kwanza ni "masaa mangapi?" Kama shida yako ni kuwahi, panda basi. Ukienda na gari lako, itengee safari siku nzima, maana nusu ya raha iko kabla hujafika.

Toka Dar alfajiri, upitie Bagamoyo. Kipande cha Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 hivi za lami, na kinakuepusha na malori ya Kibaha na Chalinze. Ukitokea Msata unashika barabara kuu ya Segera. Hapo mguu uwe mwepesi: vibao vya 50 ni vingi, na trafiki wa tochi ya kupima mwendo hakosi mwembe wa kujikinga jua.

Kabuku simama ule machungwa. Usinunue gunia, hilo ni la kurudi nalo. Mwambie muuzaji akumenyee: anazungusha chungwa kwenye kisu, ganda linashuka kama utepe mrefu usiokatika, halafu anakata kofia juu na kukupa ufyonze. Korogwe mimi hupita tu. Baada ya hapo Milima ya Usambara inakaa kulia kwako na mkonge unaanza kujipanga, basi punguza mwendo na ufungue vioo.

Mombo jaza mafuta, kula, kagua breki, na hakikisha jua lingali juu, kwa sababu kona za kupanda hazifai kujifunzia gizani. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita thelathini na kitu, ubavuni mwa mlima, korongo likiwa upande mmoja. Dereva asitazame mandhari; akitaka kuyaona, apaki kwanza. Kona isiyoonyesha mbele, piga honi. Siku ya kushuka tumia gia ndogo, usikalie breki njia nzima. Masika ikichachamaa ahirisha kabisa, mawe na udongo huporomoka hadi barabarani.

Soni, njiani ukipanda, ndiyo ningekulazimisha kusimama hata ungekuwa na haraka. Maporomoko ya maji yako karibu na barabara, na sokoni kuna peasi na pichi msimu ukifika. Bei ya kwanza ni ya mgeni. Salimia, tania kidogo, itashuka.

Irente, ukingo wa mlima wa kutazamia mandhari karibu na mji wa Lushoto, wengi hukimbilia asubuhi wakakutana na ukungu mtupu. Nenda alasiri. Mlima unakatika ghafla miguuni pako, Mazinde iko chini kabisa, na jua linazama upande huohuo. Kabla ya hapo pitia shamba la Irente ujipatie mkate, jibini na jamu zao.

Na kama ni Juni hadi Agosti, beba sweta la kweli, si kile kikoti cha kuzugia kiyoyozi cha ofisini Dar. Blanketi moja la gesti halitakutosha.