Barua ya grasi haimtoi mtu asiye na kosa

SWALI: Jambo Metre. Mdogo wangu ni makanika, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Alikamatwa pamoja na vijana wengine wawili kwa wizi wa kutumia bunduki, na tribunali ya kijeshi ikamhukumu kifo. Usiku wa wizi alikuwa nasi kwenye kilio cha mjomba kule Ruashi, watu wengi walimuona. PV, ile karatasi ya maelezo yake, alisaini kwa sababu waliomkamata walimwambia akisaini atarudi nyumbani. Avoka, wakili wetu, alikata rufaa siku ya tatu. Sasa kuna baba mmoja anasema ana mtu wake Kinshasa. Anataka tuondoe rufaa, mdogo wangu aandike barua ya grasi, yaani ya kuomba msamaha wa rais, akikubali kosa na kuomba radhi, nasi tutoe dola 800. Anatuambia kwa vyovyote Kongo hawaui mtu tena. Tufanye nini? (Dada mkubwa, Katuba)

JIBU: Dada, rufaa isiguswe. Mbele ya tribunali ya kijeshi muda ni siku tano tu tangu hukumu isomwe, na nimeshapokea familia zilizofika ofisini siku ya saba na pesa mkononi. Ninyi hapo mmepita, mshukuruni avoka wenu. Nitasema zaidi juu ya hiyo barua, maana haipiti wiki bila mtu kuniletea moja, imekunjwa mara nne, ina mihuri mitatu na hata mmoja hausomeki.

Msamaha wa rais upo. Katiba, kifungu cha 87, inampa rais uwezo wa kufuta, kugeuza au kupunguza adhabu. Shikeni neno hilo: adhabu. Hatia inabaki ilivyokuwa, na fidia iliyoamriwa inaendelea kudaiwa. Tena kifo kikigeuzwa, usidhani geti linafunguka siku hiyo. Wale Wamarekani watatu waliohukumiwa kifo Kinshasa mwaka 2024 kwa jaribio la mapinduzi, Aprili 2025 rais aligeuza adhabu yao ikawa kifungo cha maisha, wakapelekwa kwao wakiwa bado wafungwa. Na hao walikuwa na serikali ya Marekani nyuma yao. Ninyi mna baba wa dola 800.

Sisi wa Katanga tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Kanali Eddy Kapend alihukumiwa kifo mwaka 2003 katika kesi ya kuuawa kwa rais, Mzee Laurent-Désiré Kabila. Korti iliyomhukumu, ile ya kijeshi iliyoitwa Cour d'ordre militaire, haikuwa na rufaa. Miaka yote alikana. Alitoka Januari 2021 kwa msamaha wa rais, baada ya karibu miaka 20 ndani. Watu walishangilia, na mimi nilifurahi. Lakini hakuna jaji aliyekaa akafungua upya ushahidi wa 2003 na kusema huyu alifanya au hakufanya. Msamaha ulimfungulia mlango, swali likabaki ndani.

Ninyi bado mna kile ambacho yeye hakupewa. Rufaa inafungua kesi yenyewe: mashahidi wanaweza kusikilizwa, PV inaweza kupingwa. Mkiiondoa, hukumu inakuwa ya mwisho. Baada ya hapo inabaki njia ya kuomba kesi ipitiwe upya, na hiyo ni nyembamba sana. Inataka, kwa mfano, jambo jipya ambalo majaji hawakulijua, au shahidi aliyehukumiwa kwa kusema uongo.

Sasa linaloniudhi kuliko yote. Watu wanadhani barua ya grasi haina madhara, kwamba isiposaidia basi mmepoteza pesa tu. Miaka michache iliyopita nilimtetea kijana kwenye rufaa. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka walikuwa wamejichanganya vibaya, nikawa naona njia. Mwendesha mashtaka akasimama, akatoa karatasi kwenye dosie, faili la kesi, akasoma taratibu: «Ninajutia kosa nililofanya, ninaomba huruma ya Baba wa Taifa.» Chini yake kidole gumba cha mteja wangu. Familia ilikuwa imenunua barua ile kwa komisioneri, dalali kama huyo baba wenu, bila kuniambia. Kijana mwenyewe hakujua kilichoandikwa, iliandikwa Kifaransa. Niligeuka nikamtazama mama yake kwenye benchi. Alikuwa anatikisa kichwa kama anakubali, akidhani inasomwa ili imsaidie.

Mdogo wenu ameshasaini mara moja kwa ahadi ya kurudi nyumbani. Mnataka asaini mara ya pili kwa ahadi ile ile? Huko Japani, Iwao Hakamada alikamatwa mwaka 1966 kwa mauaji ya watu wanne wa familia moja. Walimhoji siku baada ya siku mpaka akakubali, akahukumiwa kifo mwaka 1968. Alipotangazwa hana hatia, Septemba 2024, alikuwa na miaka 88, na korti ikasema ushahidi ulikuwa wa kutengenezwa. Aliyemhangaikia miaka hiyo yote ni dada yake mkubwa, Hideko, aliyekuwa na miaka 91 siku ile. Dada huyo alidai kesi isikilizwe upya, hakukubali kosa kwa niaba ya mdogo wake.

Na hili la «Kongo hawaui tena»: ni kweli hakuna aliyeuawa kwa hukumu ya korti tangu Januari 2003 hadi serikali ilipobadili msimamo. Waraka wa waziri wa sheria wa tarehe 13 Machi 2024 uliondoa ule usitishaji wa kuua waliohukumiwa kifo, na ukataja ujambazi wa mijini unaosababisha vifo. Mwanzoni mwa 2025 zaidi ya wafungwa 100 walihamishiwa gereza la Angenga, na waziri akatangaza kwamba wanapelekwa kuuawa. Zambia, hapo ng'ambo ya Kasumbalesa, wamefuta adhabu hii tangu Desemba 2022. Sisi tuko upande huu wa mpaka. Anayewaambia mlale usingizi amebaki na habari za zamani, au ana deni la kulipa mwisho wa mwezi.

Hawa makomisioneri nawafahamu, wengine wiki iliyotangulia walikuwa wanauza parseli, yaani viwanja. Mmoja anaandikia familia kumi barua ile ile, anabadilisha jina tu. Ukitoka msamaha wa jumla na mfungwa mmoja akaachiliwa, anazunguka mtaa mzima akisema «ni mimi». Hasemi kwamba amri za namna hiyo mara nyingi huacha nje wizi wa kutumia silaha. Ukimuuliza jina la huyo mtu wake wa Kinshasa, anashusha sauti. Na wachungaji wanaowaambia watu wafunge siku saba badala ya kutafuta mashahidi, nao wamenichosha. Fungeni, lakini mashahidi watafutwe siku hizo hizo.

Tuje kwenye kilio cha Ruashi, maana hapo ndipo kesi yenu ilipo na kwenye barua yako umepapitia kwa mstari mmoja. Mwambieni avoka aulize PV ilisomwa kwa lugha gani na kama kulikuwa na avoka chumbani. Kifungu cha 19 cha Katiba kinampa haki hiyo tangu uchunguzi unapoanza. Majina ya walioketi karibu naye usiku ule yaandikwe, ndugu wachache, majirani wengi. Halafu kile kilio kilikuwa na kaye, daftari la michango, kama vilio vyote. Jina lake limo? Ameandikwa baada ya nani, na aliyekuwa ameshika kalamu ni nani? Huyo ndiye shahidi ninayemtaka mbele ya majaji, kwa sababu anajua alimpokea pesa saa ngapi. Kaye ichukuliwe leo, apewe avoka jinsi ilivyo, na mtu asiongeze humo hata nukta.