Kwa vijana wapya wa uwanja wetu wa gofu: mgeni hakuja kuteswa

Jumamosi nimemkuta kijana wetu mmoja, wiki ya tatu kazini, amekata shimo la grini namba saba (grini ni ile sehemu ya nyasi fupi kabisa yenye shimo) katikati kabisa ya mteremko. Nikamuuliza kwa nini pale. Akanijibu kwa furaha, "Mkuu, leo watakoma!" Nilicheka, kisha nikaumia moyoni. Kila kundi jipya linaloingia huku Mufindi huja na wazo hilohilo, kwamba uwanja mzuri ni ule unaomtoa mchezaji jasho. Mimi pia nilikuja nalo. Wadogo zangu, someni haya kabla hamjashika tena kikata shimo.

1. Shimo lina kipenyo cha milimita 108, kwetu na St Andrews kule Uskoti, na hakuna wa kulibadilisha. Kilichomo mikononi mwenu ni mahali pa kuliweka. Hesabu hatua nne kutoka ukingoni, kisha chuchumaa uangalie mita moja kulizunguka: pawe pametulia, ili mpira uliokosa kidogo usimame jirani. Mgeni akigusa mpira mara nne na kila mara ukamrudia miguuni, mandhari yote ya chai aliyoifuata haitamsaidia kitu. Na la jana lizibeni vizuri, lisibaki nundu.

2. Rafu, yaani nyasi ndefu za pembeni. Tangu 2019 sheria inampa mchezaji dakika tatu za kutafuta mpira, zamani zilikuwa tano. Sasa wewe umeziacha nyasi za kikuyu mpaka zimefika kwenye ugoko, unategemea nini? Mipira inapotea, kundi la nyuma linasimama na mikono kiunoni, mchezo wa asubuhi unaangukia mchana. Alister MacKenzie alikuwa daktari kabla ya kuwa mchoraji wa viwanja. Alipoichora Augusta ya Marekani pamoja na mchezaji Bobby Jones, uwanja ulianza na mabunka (mashimo ya mchanga) 22 tu, na rafu ilikuwa karibu hakuna. Ugumu ulikuwa kwenye kuamua upige upande gani wa feawei, ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea grini, ili pigo linalofuata liwe jepesi. Mwanafunzi anazunguka kwa njia ndefu iliyo salama, mzoefu anajaribu ile fupi, na wote wanarudi klabuni wakiongea. Huo ndio uwanja ninaoutaka mimi. Kateni rafu.

3. Sakitu, ule umande ulioganda. Hapa nawaomba mtulie.

Nilikuwa na miezi mitano tu kazini, mwezi wa sita, na mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amekwenda msibani Tukuyu. Akaniachia funguo za stoo na uwanja mzima. Wageni wanane walikuwa wamelala hapa, na saa moja asubuhi walishafika tii ya kwanza, pale pa kuanzia, wanapuliza viganja. Grini namba nne, ile ya bondeni chini ya chai, ilikuwa nyeupe kama imemwagiwa unga. Mnajua hewa ya baridi huteremka usiku na kutuama pale. Mzee alishaniambia: penye weupe hapakanyagwi mpaka jua liuyeyushe. Nilikumbuka vizuri kabisa. Lakini wageni walikuwa na haraka ya kurudi Iringa mjini, mmoja akaniita "bosi", na mimi nikataka waondoke wakinisifu. Nikawaruhusu. Tena nikatangulia mwenyewe na kikata shimo, nikavuka grini nzima kwenda na kurudi.

Saa nne jua lilipokolea, grini ilikuwa ya kijani, safi. Nikapumua. Siku ya pili zikaanza kuonekana alama za njano. Siku ya nne zilikuwa za kahawia iliyokolea, unyayo mmoja mmoja, watu wanane na mimi. Maji ndani ya jani yakishaganda, ukilikanyaga, barafu inapasua seli zake, na jani hilo limekufa hata kama bado linaonekana zima.

Mzee aliporudi hakunigombeza. Alinipeleka pale, akanionyesha alama moja yenye kisigino kilichomeguka upande, akasema, "Weka buti lako hapo, mwanangu." Likaingia lote. Akaondoka bila kuongeza neno, na mimi nikabaki nimesimama na mguu wangu ndani ya kosa langu. Kwa baridi ya huku nyasi haziharakishi kuota; alama zile tulikaa nazo hadi mwezi wa tisa. Katikati ya mwezi wa saba mmoja wa wale wageni alirudi na mkewe, mpira wake ukaelekea shimoni vizuri, ukaingia kwenye unyayo, ukapinda. Akaniuliza ni mnyama gani anapita hapa usiku. Nikamweleza ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa nini hukutuambia? Tungesubiri."

Neno hilo ndilo nawaachia. Mgeni akielezwa sababu, husubiri. Mpeni chai, mpeni kiazi cha kuchemsha, mwonyesheni weupe kwa macho yake. Kufagia sakitu kwa ufagio ni kuua vilevile, msijaribu.

4. Mwagilieni alfajiri, si jioni, grini isilale na maji ikaota kuvu. Msikate zaidi ya theluthi ya jani kwa mara moja. Reki ya bunka ilale sambamba na njia ya mpira. Mgeni kutoka Dar mwambieni hewa ya huku juu ni nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko alivyozoea.

5. Salamu. Mgeni anapita, zima mashine, nyosha mgongo, sema "Kamwene" na umtazame usoni. Mwezi uliopita mama mmoja asiyecheza gofu alimsindikiza mumewe mashimo yote tisa. Kedi wetu, mbeba vijiti, alimtafutia mwavuli, akamwonyesha wachuma chai ng'ambo ya feawei, akamweleza kwa nini wanachuma majani mawili na chipukizi. Mwishoni ni huyo mama aliyeuliza wanarudi lini.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu tukutane wote grini namba nne, kabla mashine yoyote haijawashwa. Usiku wa Jumapili unatarajiwa kuwa mkali. Mtasimama nje ya ukingo pamoja nami, mtauona weupe ule, na tutasubiri hapo hapo mpaka uishe.