Kula mchana wa Ramadhani makusudi: maswali kutoka Kigoma

*Shekhe, nabeba magunia ya dagaa. Ramadhani iliyopita nilikula siku tano makusudi. Nimeambiwa kwa kila siku moja nilipe siku sitini. Ni kweli? (Kijana, Kibirizi)*

Mwanangu, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu huku, unadaiwa toba na siku tano. Aliyekwambia sitini hakutunga: Wahanafi na Wamaliki, wenye madhehebu mengine, wanamtoza kafara, yaani saumu ya siku sitini ya kufuta kosa, hata aliyekula makusudi. Mashafi wameiweka kwa aliyejamiiana. Lakini usiichukulie wepesi. Umekula bila udhuru, basi lipa upesi, usingoje Shaabani.

Na kazi yako naijua ni nzito. Mbeba mizigo hutia nia usiku, akala daku, akatoka amefunga. Akizidiwa hadi kuhofia madhara, hapo anafungua na kulipa baadaye, wala hana dhambi. Kunywa chai asubuhi kwa kuogopa mzigo ambao hujaushika si udhuru.

*Mimi na mume wangu tuliingiliana mchana wa Ramadhani. Tumejuta. (Mama, Ujiji)*

Dada yangu, mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akilia kuwa ameangamia kwa jambo hilihili. Aliulizwa kama ana mtumwa wa kumwacha huru, hana. Anaweza kufunga miezi miwili mfululizo? Hawezi. Kulisha masikini sitini? Hana kitu. Mtume akaletewa kapu la tende, akampa atoe sadaka. Mtu yule akasema hakuna Madina nyumba fukara kuliko yake. Mtume akacheka, akamwambia akawalishe watu wake. Nakusimulia ili usikate tamaa.

Nyote wawili mtubu na mlipe siku ile. Kafara, kwa Mashafi, ni ya mume peke yake. Wapo wanazuoni wanaomtoza na mke aliyeridhia. Utumwa haupo tena, kwa hiyo mumeo anaanza na siku sitini za kufululiza. Achague tarehe vizuri: akianza katikati ya Shawwal, Idi ya Kuchinja itamkuta njiani, siku hiyo haifungwi, na hesabu itaanza upya. Akishindwa kweli, kwa maradhi mfano, atoe vibaba sitini vya chakula, yaani pishi kumi na tano, kila masikini kibaba chake. Asimpe mtu mmoja zote.

*Nina afya. Naweza kutoa mchele badala ya kulipa? (Mfanyabiashara, Mwanga)*

Hapana. Fidia, yaani kutoa chakula badala ya saumu, ni ya mzee asiyeweza tena na mgonjwa asiyetarajiwa kupona.

*Nikishakula asubuhi, si siku imeharibika? Niendelee tu? (Mwanafunzi)*

Imeharibika, na bado unatakiwa ujizuie hadi Magharibi. Kila tonge baada ya lile la kwanza ni kosa jingine.

*Nina madeni ya miaka kadhaa, idadi siikumbuki. (Mama, Gungu)*

Kadiria kwa kuzidisha, ufunge mpaka uwe na yakini umemaliza. Si lazima kufululiza. Jumatatu na Alhamisi zinatosha kuanzia. Zilizopitiwa na Ramadhani nyingine bila udhuru, ongeza kibaba kwa kila siku. Zile ulizoziacha kwa hedhi nazo zihesabu humo, mama. Kuziacha si dhambi, ila ni deni.